Kushusha sukari uzeeni kwa chakula na mwenendo wa kila siku: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu umeandikwa kwa watu wa miaka 60 na kuendelea wenye kisukari cha aina ya pili, kwa walioambiwa hospitali kwamba sukari yao imeanza kupanda, na kwa watoto na wajukuu wanaowapikia. Lengo la mzee si kupata namba ndogo kuliko zote. Anachohitaji ni sukari isiyoruka sana baada ya kula, isiyoanguka usiku, na misuli inayobaki na nguvu ya kumnyanyua kitini. Ushauri wowote wa chakula unaoharibu kimoja kati ya hivyo vitatu haumfai, hata kama ulimfaa kijana wa miaka 40.

Mama hapendi vitu vitamu kabisa. Sukari imetoka wapi?

Kwenye sahani, kwa sehemu kubwa. Ugali, wali, muhogo, viazi, ndizi za kupika, chapati na mkate vyote ni wanga, na wanga ukishasagwa tumboni hugeuka glukosi ileile iliyo kwenye sukari ya kopo. Ulimi hauonji utamu, lakini damu inaupokea.

Kwa nini chakula kilekile hakikumsumbua alipokuwa na miaka 35? Baada ya mlo, misuli ndiyo inayopokea sehemu kubwa ya glukosi kutoka kwenye damu, na misuli hupungua kadiri umri unavyokwenda, hasa ya mapaja na makalio kwa mtu anayekaa sana. Mafuta yanayojikusanya tumboni na ndani ya ini hufanya insulini, homoni inayoitoa glukosi kwenye damu na kuiingiza mwilini, ifanye kazi kwa shida. Kongosho nalo huchelewa kutoa insulini na hutoa pungufu. Ongeza hapo dawa kama prednisolone, ambayo wazee wengi hupewa kwa ajili ya pumu au viungo, na sukari inapanda bila kijiko kimoja cha sukari kuongezwa.

Dalili pia hujificha. Kiu hupungua kwa kawaida uzeeni, kwa hiyo mzee anaweza asilalamike kiu hata sukari ikiwa juu. Kuamka usiku kukojoa husingiziwa tezi dume au uzee. Uchovu husingiziwa umri. Pimeni.

Namba zipi tuzifuate?

Tanzania na Kenya mashine nyingi husoma kwa mmol/L. Kama ndugu amekuletea mashine kutoka Marekani, itasoma mg/dL. Gawanya kwa 18. Kwa hiyo 126 ni 7.0, na 180 ni 10. Tumeona watu wakishtuka kwa namba ambayo ilikuwa nzuri tu, kwa sababu walidhani mashine zote husema lugha moja.

Sukari ya kabla ya kula chochote, baada ya usiku mzima, ikifika 7.0 au zaidi kwa vipimo viwili vya siku tofauti, huo ni ugonjwa wa kisukari. Kati ya 6.1 na 6.9 ni hatua ya kabla yake. Wataalamu wengine huanzia 5.6. Kipimo cha HbA1c, ambacho wengi hukiita kipimo cha miezi mitatu kwa kuwa huonyesha wastani wa sukari wa muda huo, huonyesha kisukari kikiwa asilimia 6.5 na kuendelea.

Hizo ni namba za kugundua ugonjwa, na malengo ya matibabu ni kitu kingine. Mzee mwenye afya njema, anayejitegemea na mwenye kumbukumbu nzuri huweza kulenga HbA1c chini ya 7.0 hadi 7.5, na sukari ya asubuhi kati ya 5.0 na 7.2. Mwenye magonjwa kadhaa, aliyewahi kupata kiharusi, au anayesahau kama amekula, hulengewa HbA1c chini ya 8.0 na sukari ya asubuhi hadi 8.3. Kwa aliye dhaifu sana, kazi kubwa ni kuzuia isishuke kupita kiasi na isipande mpaka akaishiwa maji. Muulizeni daktari mzee wenu yuko kundi gani, mwandike kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari.

Jambo la kuzingatia kwetu: HbA1c hudanganya kwa mtu mwenye selimundu, mwenye upungufu wa damu, au aliyeongezewa damu karibuni. Kwa hao, fuateni zaidi namba za mashine.

Tupime saa ngapi? Stripi (vijiti vya kupimia vinavyowekwa kwenye mashine) ni ghali.

Usipoteze stripi kwa kupima kila asubuhi tu, maana namba ya asubuhi haikwambii chakula gani kina kosa. Tumia mbili kwa mlo mmoja: moja kabla ya kuanza kula, ya pili saa 2 baada ya tonge la kwanza. Kama imepanda kwa chini ya 3, mlo huo unamfaa. Kama ilikuwa 7 na sasa ni 13, kuna kitu kwenye sahani ile kipunguzwe. Wiki hii pimeni chai ya asubuhi, wiki ijayo ugali wa mchana, inayofuata wali wa jioni. Kwa stripi sita mtajua milo mitatu mikuu ya nyumbani kwenu, na hiyo ni elimu ambayo hakuna orodha ya vyakula inayoweza kukupa. Anayetumia insulini afuate ratiba ya kupima aliyopewa kliniki.

Makosa ya kupima ni haya. Mkono uliomenya embe au chungwa huacha sukari kwenye ngozi, na tone la damu likigusana nayo mashine inaweza kuonyesha namba ya juu ya kutisha. Osha kwa sabuni na maji, kausha kabisa, maana unyevu nao huzimua damu. Choma pembeni mwa ncha ya kidole, si katikati. Funga kopo la stripi mara moja, lisikae jikoni karibu na mvuke, na angalia tarehe ya mwisho. Mashine ikiandika HI haikusalimii: inasema sukari imepita uwezo wake wa kusoma, kwa kawaida juu ya 33. Osha mkono, rudia, na ikiwa bado ni HI nendeni hospitali saa hiyohiyo.

Sahani ya mzee iweje?

Chukua sahani ya kawaida ya kulia, si sinia wala bakuli. Nusu yake iwe mboga: mchicha, matembele, kisamvu, majani ya kunde, sukuma wiki, kabichi, bamia, bilinganya, nyanya chungu, kachumbari. Robo iwe protini: samaki, dagaa, kuku, yai, maharage, choroko, mbaazi. Robo inayobaki ndiyo ya wanga, yaani ugali wa ukubwa wa ngumi yake mwenyewe, au wali usiozidi kikombe kimoja cha chai ukishaiva. Kikombe hicho cha wali kina takriban gramu 45 za wanga, na kwa wazee wengi ndicho kiwango cha juu kwa mlo.

Kinachoshindikana zaidi ni ulaji wa sinia moja. Ugali ukiwekwa katikati ya watu watano, hakuna anayejua amekula kiasi gani, na mzee hupewa heshima ya kusogezewa. Si lazima kumtenga. Mkatieni kipande chake, kiwekeni kwenye sahani ndogo pembeni ya sinia, aendelee kula na wenzake. Mboga ndiyo isogezwe kwake bila kipimo.

Mpangilio wa kula nao una nguvu kuliko watu wanavyodhani. Akianza na mboga na samaki, akala kwa dakika 10, kisha ndipo akagusa ugali, sukari ya baada ya mlo hupanda kidogo kuliko akianza na ugali. Chakula ni kilekile, gharama ni ileile.

Angalizo kuhusu maharage: nayo yana wanga, ingawa husagwa polepole. Wali maharage ukiwa na vikombe viwili vya wali na upawa mmoja wa maharage ni mlo wa wali. Geuza: kikombe kimoja cha maharage, nusu kikombe cha wali. Makande au githeri ni mlo mzuri kwa mzee mwenye meno, kwa sababu punje ni nzima na haijasagwa. Maharage yawe nusu au zaidi ya sufuria, na sukari isitiwe.

Mwenye ugonjwa wa figo asiongeze protini wala mboga zenye potasiamu nyingi kabla hajaongea na daktari wake.

Ugali wa dona unaruhusiwa bila kipimo?

Hapana, na hili ndilo kosa tunalolisikia kuliko yote. Dona ni bora kuliko sembe kwa sababu hubaki na pumba na kiini, hivyo ina nyuzinyuzi na vitamini zaidi. Lakini bado ni unga, na unga mwingi ni wanga mwingi. Mtu akihama kutoka ngumi moja ya sembe kwenda ngumi mbili za dona, sukari itapanda. Hali ni hiyo kwa mtama, ulezi na muhogo.

Mapishi yanabadilisha mambo kidogo. Viazi vitamu vya kuchemsha hupandisha sukari polepole kuliko vya kuchoma. Ndizi za kupika zikiwa mbichi kabisa ni afadhali kuliko zilizoanza kuiva. Wali uliopoa kwenye jokofu ukapashwa moto una sehemu ndogo ya wanga usiosagika, ila faida yake si ya kumfanya mtu aongeze sahani, na wali uliolala nje usiku kucha huharibu tumbo.

Tui la nazi halipandishi sukari, lakini lina mafuta na nguvu nyingi. Mboga ya nazi mara mbili kwa wiki, kwa tui la pili badala ya tui zito, inatosha kwa anayetaka kupungua.

Chai ya asubuhi ina tatizo gani?

Kwenye nyumba nyingi, huu ndio mlo wa kuanza nao. Hesabu: kikombe cha chai chenye vijiko vitatu vya sukari ni takriban gramu 12 za sukari. Maandazi mawili ni gramu 50 hivi za wanga kutoka unga mweupe na sukari, pamoja na mafuta. Hakuna mboga, na protini ni kidogo mno. Mzee anakaa kibarazani baada ya hapo, na saa nne analetewa kikombe cha pili. Ukipima saa 2 baada ya kifungua kinywa hiki utaona mwenyewe.

Punguzeni sukari ya chai kwa nusu kijiko kila wiki moja badala ya kuikata siku moja. Ulimi huzoea ndani ya mwezi hivi. Tangawizi, iliki na mdalasini huipa chai ladha kiasi kwamba pengo halisikiki sana. Maziwa yana sukari yake ya asili, kama gramu 12 kwa glasi, kwa hiyo chai ya maziwa matupu ihesabiwe.

Badala ya maandazi: mayai mawili ya kuchemsha na kipande kimoja cha mkate wa ngano nzima, au kipande cha kiazi kitamu cha kuchemsha chenye ukubwa wa nusu ngumi pamoja na maharage ya jana, au kikombe cha mtindi usiotiwa sukari na karanga za kujaza kiganja. Chapati moja ya mgahawani hubeba wanga unaokaribia kikombe kizima cha wali, kwa hiyo ikiliwa, iliwe nusu na maharage au yai.

Na uji wa lishe?

Uji wa lishe ulitengenezwa kumnenepesha mtoto. Kwa mzee mwenye kisukari, unga uliosagwa laini, ukapikwa, ukanywewa kwa dakika tano, hupita tumboni haraka sana. Kuchanganya nafaka saba hakubadilishi hilo. Kama mzee hana meno au ameutamani, mpeni kikombe kidogo cha mililita 200, kizito cha ulezi, kisicho na sukari, chenye maziwa au karanga zilizosagwa, na kiwe ndicho wanga wa mlo huo.

Matunda yapi aache?

Hakuna tunda la kuacha kabisa. Kuna kiasi cha kufuata, na kuna juisi ya kuacha.

Tunda zima lina nyuzinyuzi na hujaza tumbo. Chungwa moja la wastani, papai kikombe kimoja lililokatwa, pera moja, au nusu ya ndizi mbivu kubwa: kila kimoja ni takriban gramu 12 hadi 16 za wanga na kinatosha kwa wakati mmoja, mara mbili kwa siku. Embe ndilo gumu, kwa sababu embe dodo zima linaweza kufika gramu 50. Msimu wa maembe ukifika, kata shavu moja, mengine wale wajukuu. Parachichi ni rafiki mkubwa: nusu yake ina wanga kidogo, na sehemu kubwa ya huo ni nyuzinyuzi.

Glasi ya juisi ya machungwa au pasheni ina takriban gramu 25 za sukari hata bila kuongezwa kitu, na hakuna wa kula machungwa matatu kwa mkupuo mmoja. Soda ya mililita 300 ina takriban vijiko nane vya sukari. Soda isiwekwe nyumbani kama kinywaji. Sababu moja ya kuwa nayo imeelezwa chini, kwenye sukari iliyoshuka.

Asali, sukari guru na tende si vya asili?

Ni vya asili, na ni sukari. Kijiko kimoja kikubwa cha asali kina takriban gramu 17 za wanga. Tende kubwa laini moja hufikia gramu 18, ndogo kavu gramu 5 hadi 6.

Kuna faida gani ya kutembea kama magoti yanauma?

Kutembea dakika 10 hadi 15 mara tu baada ya kula, kila mlo, ndicho kitu chenye matokeo ya haraka kuliko vyote kwenye ukurasa huu. Misuli inayofanya kazi huvuta glukosi kutoka kwenye damu hata insulini ikiwa dhaifu, na huifanya wakati uleule sukari ya chakula inapopanda. Mlo wa jioni ndio wa kupewa kipaumbele, maana ndio mkubwa kwetu na baada yake watu hukaa mbele ya televisheni mpaka usingizi. Kama nje ni giza, zungukeni uani au ukumbini.

Mwendo uwe wa kuweza kuongea lakini si kuimba. Viatu viwe vya kufunga nyuma, si kandambili, na miguu ikaguliwe kila jioni, nyayo na katikati ya vidole, na mtu mwingine au kwa kioo. Mwenye ganzi miguuni hasikii jiwe wala msumari.

Kwa magoti yanayouma sana, zoezi la kitini hufanya kazi: kaa wima, nyoosha mguu mmoja mbele mpaka goti linyooke, hesabu hadi tano, shusha polepole, badilisha. Rudia mara 10 kila mguu, pumzika, anza tena mpaka dakika 10 zitimie.

Anayetumia insulini au dawa za kulisukuma kongosho, kama glibenclamide, apime kabla ya matembezi marefu. Chini ya 5.0, ale kitu kwanza.

Mazoezi ya nguvu ni ya vijana tu?

Ni ya wazee kuliko vijana. Zoezi moja litoshe kuanzia: kiti kigumu kisicho na magurudumu, kimeegemezwa ukutani. Kaa kwenye ukingo wake, miguu upana wa mabega, inama mbele kidogo, simama bila kutumia mikono ukiweza, kisha kaa taratibu kwa kuhesabu tatu. Mara 8, pumzika dakika moja au mbili, mara 8 tena. Siku tatu kwa wiki, zisizofuatana. Akishindwa kusimama bila mikono, ashike mikono ya kiti na aipunguzie kazi wiki hadi wiki. Baadaye ongeza kuusukuma ukuta kwa viganja na kunyanyua chupa za maji za lita moja.

Asizuie pumzi wakati wa kusimama, humpandisha presha. Maumivu ya kifua, kizunguzungu au kukosa pumzi ni amri ya kusimama na kwenda kupimwa. Mwenye tatizo la retina, yaani ukuta wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, apate ruhusa ya daktari wa macho kabla ya kunyanyua vitu vizito.

Misuli haijengwi kwa chai na mkate. Mzee mwenye figo nzima anahitaji takriban gramu 1.0 hadi 1.2 za protini kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Kwa mtu wa kilo 60 hiyo ni gramu 60 hadi 72: mayai mawili ni 12, kipande cha samaki cha gramu 100 ni 20 na zaidi, kikombe cha maharage ni 15, glasi ya maziwa ni 8. Nyingi ya sahani za wazee tunazoziona hazifiki hata nusu.

Apunguze uzito kiasi gani?

Kama ana uzito wa ziada na kitambi, asilimia 5 hadi 7 yatosha kuleta tofauti: kilo 4 hadi 5.6 kwa mtu wa kilo 80, kwa miezi sita, si mwezi mmoja. Utafiti mkubwa wa Marekani wa kuzuia kisukari, uliochapishwa mwaka 2002 na kuhusisha watu 3,234 waliokuwa hatua ya kabla ya ugonjwa, ulilenga asilimia 7 na dakika 150 za mazoezi kwa wiki. Waliofuata mwenendo huo walipunguza hatari ya kupata kisukari kwa asilimia 58, na dawa ya metformin ilipunguza kwa 31. Kwa wenye miaka 60 na kuendelea, mwenendo ulipunguza kwa asilimia 71. Wazee ndio waliofaidika zaidi.

Mzee mwembamba asipunguzwe hata kilo moja. Na anayepungua bila kujaribu, hasa kisukari kikiwa kipya, apelekwe akachunguzwe: huenda insulini imekwisha, au kuna ugonjwa mwingine kwenye kongosho.

Sukari inakuwa juu asubuhi na hajala kitu tangu jana. Imekuwaje?

Ini ndilo lililoitoa. Kuelekea alfajiri mwili huandaa homoni za kuamka, na ini humwaga glukosi iliyohifadhiwa. Insulini ikiwa dhaifu, haizuiwi. Kula chakula cha jioni mapema, kabla ya saa mbili usiku, kwa wanga kidogo, na kutembea baada yake husaidia. Kulala chini ya saa sita kwa kawaida huongeza tatizo. Kulala njaa si tiba.

Mlonge, mdalasini, karela na unga wa mbegu vinashusha?

Baadhi yake huenda vinashusha kidogo, lakini kiasi hakitabiriki kutoka kijiko hadi kijiko. Hatari yake kubwa ni kwa anayemeza pia dawa za hospitali, kwa sababu vikijumlishwa sukari inaweza kuanguka. Mdalasini wa dukani, unaotumika sana, una kemikali iitwayo kumarini, ambayo kwa wingi huumiza ini. Kidogo kwenye chai hakina shida, vijiko kila siku si vyema. Majani ya mlonge kama mboga ni mboga nzuri. Anayeuza dawa na kukwambia uache za hospitali, mkimbie.

Sukari ikianguka tutaijuaje, na tufanye nini?

Chini ya 3.9 ni kushuka. Kijana hutetemeka, hutoka jasho, moyo humwenda mbio. Mzee mara nyingi huanza na kuchanganyikiwa, hasira isiyo na sababu, maneno kukwama, kuyumba au kuanguka, na familia hudhani ni kiharusi au ni uzee. Ukiona hivyo, pima; kama mashine haipo, tibu kama imeshuka.

Kama yuko macho na anameza: vijiko vinne vya chai vya sukari kwenye nusu glasi ya maji, au soda ya kawaida mililita 150, si ile isiyo na sukari. Subiri dakika 15, pima tena, na kama bado iko chini ya 3.9 rudia. Ikishapanda, ale kitu chenye wanga na protini, kwa mfano mkate na yai. Kama hana fahamu, usimtie kitu mdomoni. Mlaze ubavu na mkimbieni hospitali.

Kwa kuwa ukurasa huu unahusu kubadili chakula, hili lisomwe mara mbili: mzee akipunguza wanga na kuanza kutembea huku dozi ikibaki ileile, sukari inaweza kuanguka ndani ya wiki ya kwanza. Metformin peke yake mara chache huleta hilo. Insulini na glibenclamide, ambayo wengi huijua kwa jina la Daonil, huleta. Glibenclamide hukaa mwilini muda mrefu, zaidi figo zikiwa zimechoka, na sukari inaweza kuanguka tena saa kadhaa baadaye, kwa hiyo aliyeanguka kwa dawa hii apelekwe hospitali hata akizinduka. Orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani hutahadharisha kwamba haiwafai wenye zaidi ya miaka 60 na huweka gliclazide. Kama mzee wenu bado anapewa, muulizeni daktari kabla hamjaanza kupunguza ugali. Msiikate wenyewe.

Vipi kuhusu funga ya Ramadhani?

Mzee anayetumia insulini, mwenye figo dhaifu, au ambaye sukari yake imewahi kuanguka hivi karibuni, yumo kwenye kundi la hatari kubwa, na dini imempa ruhusa ya kutofunga. Anayeruhusiwa na daktari aonane naye mwezi mmoja au miwili kabla, dozi zipangwe upya. Kupima kidole hakubatilishi funga kwa fatwa za wanazuoni wengi, na ni lazima apime mchana. Chini ya 3.9 au juu ya 16.7, afungue papo hapo, hata kama magharibi imebaki nusu saa.

Futari zetu ni mzigo wa wanga: tambi, uji, viazi, muhogo, kaimati, vyote kwenye meza moja. Tende moja au mbili, maji, supu, kisha achague kimoja tu cha wanga na samaki na mboga. Daku iliwe karibu na alfajiri kadiri inavyowezekana.

Kisukari kinaweza kuondoka kabisa?

Kwa baadhi, sukari hurudi kwenye kawaida bila dawa kwa miaka. Utafiti wa Uingereza uliotolewa mwaka 2017 ulionyesha karibu nusu ya washiriki wakifika hapo ndani ya mwaka mmoja, na kwa waliopungua kilo 15 au zaidi, asilimia 86. Lakini washiriki walikuwa wenye uzito mkubwa, hawakuzidi miaka 65, na ugonjwa wao haukuzidi miaka sita. Kwa bibi wa miaka 78 mwenye kisukari cha miaka 20, kupunguza kilo 15 ni kumwondolea nguvu za miguu. Kwake, HbA1c ikitoka 9.5 hadi 7.8 bila sukari kuanguka hata mara moja ni ushindi halisi, na apongezwe.

Lini tusisubiri siku ya kliniki?

Sukari ikikaa juu ya 16 kwa siku mbili mfululizo. Kukojoa mno na kusinzia, midomo mikavu, kuchanganyikiwa. Kwa mzee mwili unaweza kuishiwa maji kabla hajasema ana kiu. Kuhara au kutapika huku anameza metformin au dawa za presha, maana baadhi husimamishwa kwa muda. Kidonda chochote cha mguu, hata kisichouma. Kuona ukungu ghafla.

Ganzi ya miguu inayozidi kwa aliyetumia metformin miaka mingi ipelekwe pia, ingawa si ya dharura: dawa hiyo hupunguza vitamini B12, na upungufu wake hutibika ukigunduliwa. Mkienda, bebeni mashine yenyewe, daftari la namba, na kila dawa iliyomo ndani ya nyumba, za mizizi zikiwemo.